Mdogo Wangu Anapelekwa kwa Bibi Kuachishwa Ziwa, Kama Nilivyopelekwa Mimi

Admin, naomba usiweke jina langu, mama yumo humu na huwa anasoma hadi komenti. Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, naishi Tangini, Kibaha. Shuleni tunaandika kila kitu kwa Kiingereza, lakini hili nikiliandika hivyo linakuwa kama la mtu mwingine. Nivumilieni, mimi si muongeaji.

Nilipokuwa bado nanyonya, mama alipata nafasi ya chuo. Akanipeleka kwa bibi, Kurui, huko Kisarawe, nikaachishwe ziwa. Ni kawaida, mtoto akikaa mbali na mama anasahau upesi, kisha anarudishwa. Mimi nilirudishwa nimeshamaliza darasa la saba. Kichwani mwangu bibi ndiye mwema, mama ndiye aliyenitupa. Mama akinipikia, nasema anajikosha. Akinifokea, nasema si mnaona. Akiniuliza, "Mbona huli?" najibu nimeshiba, huku tumbo linaunguruma.

Mwaka huu kutokula kukazidi, matroni wa shule akanipeleka kwa dada mmoja mshauri kwenye kituo cha afya. Mwanzoni nilikuwa natazama viatu vyangu tu. Siku moja nikamwambia ananisikiliza kwa sababu ndiyo kazi yake, hanipendi, nikaacha kwenda. Niliporudi nilijua atanuna. Akasema, "Karibu mdogo wangu. Kila saa yako ilipofika nilikuwa nakaa hapa hapa." Nililia sana. Ndiye aliyenieleza kwamba kuna wataalamu Uingereza waliofuatilia watoto wachanga, wakaona mtoto anatengeneza mama wawili kichwani, wa ziwa linalokuja na wa ziwa linalokawia. Kazi ngumu ya kukua ni kugundua kwamba ni mama mmoja. "Na ukigundua unaumia," akasema, "maana uliyekuwa unamchukia ndiye huyo huyo unayempenda." Nikamwambia mama yangu hayumo kwenye hiyo habari.

Sasa kuna mdogo wangu, nimwite Baraka, siyo jina lake. Ana mwaka na nusu, ananyonya huku kashika sikio la mama. Juzi mama alipaka shubiri kwenye ziwa. Baraka akaonja, akamtazama mama usoni, akaonja tena kama anahakikisha ni yeye kweli. Halafu ndiyo akalia.

Mama akasema, "Basi, Jumamosi utampeleka Kurui."

"Mama, asiende."

"Kwani kule kuna simba? Wewe si umekulia kule? Ulikufa?"

Nikampigia bibi, nikijua atanitetea.

"Marahaba, mke mwenzangu! Mlete tu huyo mwanamume. Ila mama yako abaki huko huko, asije kuchungulia kama alivyofanya kwako."

"Alichungulia lini, bibi?"

"Wee, hujui? Hazikupita siku nyingi akarudi kukuchukua, kifua kimejaa, gauni limelowa. Nikamwambia wewe umeshazoea, ukimwona tunaanza upya. Nikamficha jikoni. Akakusikia unacheka na kuku uani, akaondoka zake. Nilimwonea huruma, lakini ndivyo tunavyoachisha."

Alisema kama anasimulia habari za mvua.

Tangu hapo sina wa kumchukia, na ni kama nimefiwa. Bibi aliyenilea ndiye aliyemzuia mama. Mama aliyeniacha alisimama jikoni akinisikiliza. Lakini pia chuo kiliisha na hakuja kunichukua, hilo nalo halijafutika.

Nguo za Baraka zimeshafungwa. Nikimwambia mama nimejua habari ya jikoni, nitamtonesha kidonda, na bibi ataona nimemsema. Nikinyamaza, ni mimi nitakayembeba mtoto hadi kule na kumwacha. Na kuna la aibu zaidi: akibaki, naogopa nitamwonea wivu, maana yeye atakuwa amepata mtu wa kumsemea.

Ninavyoandika hapa mama anafua uani. Baraka yuko mgongoni kwangu, amenyoosha mkono kashika sikio langu, ndivyo anavyotafuta usingizi siku hizi. Nishaurini jamani, ila naomba msimtukane mama yangu. Nimfuate pale kwenye beseni nimwambie najua kwamba alirudi, au ninyamaze nimpeleke mtoto?