Gwaride la Sauti

Hakimu alitamka, na tamko limo kwenye jalada, kwamba mbele ya sheria lafudhi zote ni sawa, na kwamba gwaride la sauti la kumtambua jambazi lilifuata utaratibu: wanaume sita nyuma ya pazia, sentensi moja, kila mtu kwa zamu yake.

Mshtakiwa alikuwa mchuna ngozi wa machinjioni, miaka kumi na tisa kazini, baba wa mabinti watatu. Alizaliwa milimani, na maneno yalimtoka mazito, ya kuburuzwa, kama mtu anayeshusha gunia. Wenzake walimwita Bwana Mlima. Walimwigiza kila asubuhi, naye alicheka nao huku mikono imo tumboni mwa ng'ombe.

Siku ya tukio, mtu aliyefunika uso aliingia duka la dawa mchana kweupe, akamwambia mwenye duka, "Lala chini, mama." Mama alipochelewa kulala, akamkata vidole viwili kwa panga. Vilibaki juu ya kaunta, kando ya dawa za kikohozi. Mama aliwapa polisi neno moja tu: jambazi aliongea kama watu wa milimani.

Polisi wakaenda machinjioni kuuliza nani anaongea hivyo. Wachinjaji, wakidhani utani wao umepata wasikilizaji wapya, walimnyooshea visu.

"Huyo hapo, afande. Mwambie akusalimie tu, utavunjika mbavu."

Alisalimia. Mbavu zilizovunjika zilikuwa zake, tatu, kwa kitako cha bunduki.

Kwenye gwaride, watano wengine walikuwa askari wa kituoni, wazaliwa wa mjini. Alifungwa miaka kumi na minne. Gerezani nyapara alimchapa sahani ya bati mdomoni kila alipoitika, akimtaka aitike kama mtu. Jino la tano lilipong'oka, akaacha kuitika.

Mkewe alimfuata mwenye duka.

"Dada, ulisikia sauti yake, au ulisikia kwao?"

"Mwenzangu, nilikatwa vidole. Nikaambiwa nichague anayeongea kama yule. Wa mlimani alikuwa mmoja."

"Si ungesema hivyo mahakamani?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Mwenye duka alikubali kuyasema kwenye rufaa. Rufaa ilitupwa, kwa kuwa gwaride lilifuata utaratibu.

Mwezi uliofuata, duka la dawa la mtaa wa pili lilivamiwa, mwenye duka akakatwa shingoni. Jambazi aliongea kimlima. Polisi waliandika kwenye jalada kwamba ni mtu wa mjini, anaiga.