Stika Mpya za Getini

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba gari ni la mtu anayeliendesha. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza kidato cha nne na sina kazi. Nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kupiga taipureta, kwa kitabu cha mtumba kilichokosa jalada. Nikikosea herufi moja nilitoa karatasi yote na kuanza upya. Watu wa ua wetu kule mtaa wa Umoja waliona barua zangu safi wakaamini kwamba nina akili ya kupanga mambo. Mimi pia niliamini hivyo.

Nyumba zetu zilizunguka ua mmoja wenye geti la chuma, na magari yalilala humo ndani, soja akilinda. Kila gari lilipaswa kuwa na stika kwenye kioo cha mbele. Lakini kufikia katikati ya miaka ya tisini stika za zamani zilikuwa zimefifia, na nyingine zilikuwa fotokopi tupu. Magari tusiyoyajua yakaanza kulala kwetu. Kisha pikapu moja ikatolewa mchana kweupe na mtu aliyempungia soja mkono, na soja naye akampungia, akamfungulia. Mwenye kuiendesha aliporudi kutoka kanisani alikuta doa la mafuta tu.

Mwenyekiti wa kamati yetu, mzee mmoja karani, akaniita kwake.

"Kijana, tutengenezee stika mpya. Na usizitoe ovyo ovyo."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yaliyoniingia. Nilikaa na taipureta mchana kutwa nikaandika sheria: anayetaka stika alete logbuku, yaani hati ya kumiliki gari, yenye jina lake, na kuanzia Jumamosi jioni gari lisilo na stika lisiingie getini. Mwenyekiti alitia sahihi miwani yake ikiwa mfukoni. Nikaibandika ukutani, nikarudi mara kadhaa kuangalia kama imekaa sawa.

Niseme wazi, mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikifunga mlango narudi kuusukuma. Sasa nilikuwa nimepewa wasiwasi kama kazi, na nikaupenda. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikiuliza gari ni la nani, limenunuliwa wapi, hutoka saa ngapi na hurudi saa ngapi. Mmoja akasema logbuku iko nyumbani Kakamega. Mwingine akasema mkewe ameifungia kabatini na kusafiri na ufunguo. Mwingine alinisikiliza hadi mwisho, kisha akafunga mlango taratibu, kama mtu anayefunika sufuria. Kila jibu nililiona kuwa ushahidi. Jioni nilikaa nyuma ya pazia nikiangalia nani anaingia, na sikuwahi kujiuliza wao wananionaje.

Aliyeniambia ni mama wa duka, aliyeuza mkate na mafuta ya taa kwenye chumba walichoongeza mbele ya nyumba yao, karibu na geti.

"Wewe, eti unauliza gari ya mtu inafika saa ngapi?"

"Ni ya kupanga nafasi, mama."

"Kupanga nafasi! Hata wezi hupanga. Huja hivyo hivyo, mashati yamepigwa pasi."

Wateja wakacheka. Nami nikacheka, lakini nilichelewa kidogo, na mmoja wao akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani.

Niliyemshuku zaidi ya wote alikuwa jirani wa mlango unaotazamana na wetu. Alikuwa mtu mpole wa kutoka Ukambani, na mke na watoto wawili. Alikuwa na steshenwagoni nyeupe aliyoiosha na kuitoa kila alfajiri kabla watu hawajaamka, na kuirudisha giza likishaingia. Watu walimwita bosi. Kukiwa na harambee ya kuchanga pesa kanisani aliketishwa mbele, na mtoto wa mtu akiugua, mlango wake ndio uliogongwa. Ila alikuwa na tabia moja. Kila jioni akishaegesha gari, alitoa blanketi kuukuu akalitundika juu ya mlango wa dereva, likaning'inia hadi karibu na ardhi. Hata mvua ikinyesha alilitundika.

Miaka hiyo hatukupitisha wiki bila kusikia mtu ameporwa gari kwa bunduki. Kwa hiyo nikaamua kwamba chini ya blanketi lile pana tundu la risasi. Nilimweleza mama yangu. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua kichwa.

"Na ukiliona hilo tundu, utafanya nini?"

Nilimwendea jirani kuomba logbuku, akasema iko benki. Nilipomwendea tena alisema iko kwa kaka yake Machakos. Nikamkumbusha kwamba mwanzo alisema benki.

"Sasa wewe," akasema akicheka, "unataka logbuku ama unataka gari?"

Macho yake hayakucheka, nami nikaondoka nimeridhika kabisa kwamba nimemkamata.

Jumamosi mchana akaja kwetu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama aliyeitwa ofisini.

"Ndugu mdogo, nipe stika ya hii wiki pekee. Hiyo karatasi nitaleta."

"Sheria ni sheria, bosi."

Akaitazama taipureta juu ya meza. "Si ni wewe uliiandika?"

"Imeshatiwa sahihi."

Alifungua mdomo kusema jambo. Wakati huo huo wanawake wawili walikuwa wakipita na ndoo za maji, wakamsalimu, "Bosi, sasa!" Akawajibu. Walipokwisha kupita, lile jambo lilikuwa limemrudi kooni. "Sawa," akasema.

Jioni soja alimzuia getini, kama nilivyomwagiza. Jirani hakubishana. Aliegesha gari nje, kando ya ukuta, akaingia kwa miguu na blanketi begani. Nilimwona kupitia pazia. Huko nje hakulitundika, nadhani kwa kuwa lingeibwa.

Asubuhi ya Jumapili ua wote ulikuwa nje, watu wakiwa na nguo za kanisani. Gari lilikuwa juu ya mawe. Magurudumu yote manne yalikuwa yamekwenda, pamoja na betri. Na kwenye mlango wa dereva, kwa herufi kubwa za buluu, palikuwa na jina la kampuni moja ya kuuza rangi.

Hakukuwa na tundu lolote. Alikuwa dereva wa kampuni. Alikuwa amewaacha watu wamwite bosi, na kila siku iliyopita ikawa vigumu zaidi kuwasahihisha.

"Kumbe ni gari ya kazi," mwanamume mmoja akasema.

Mama wa duka akamgeukia. "Na yako ni ya nani?"

"Ya shemeji."

"Na ya mwenyekiti?"

Mzee akakohoa. Ilikuwa ya ofisi. Basi yakaanza kutoka yote: lingine la mwajiri, lingine bado lina jina la Mhindi aliyeliuza, lingine la kaka aliyekwenda ng'ambo. Mwenye logbuku ya jina lake alikuwa mmoja tu, mwalimu mstaafu, ambaye gari lake halikuwa limetembea kwa miaka na kuku walitaga kwenye kiti cha nyuma. Stika pekee niliyokuwa nimeitoa ilikuwa yake. Watu walicheka hadi wengine wakashika ukuta.

Jirani yangu hakucheka. Mkubwa wake kazini alimruhusu kurudi nyumbani na gari kwa sharti moja, lilale ndani ya geti.

Kicheko kilipoisha, mtu akauliza, bila kunitaja, "Lakini nani alijua hii gari italala nje?"

Walinigeukia mmoja mmoja. Nilitaka kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mtu anayedanganya. Nilikuwa nimeuliza saa zao zote. Ningekuwa wao, ningenishuku.

Nilimfuata jirani hadi mlangoni pake. "Kwa nini hukuniambia jana?"

"Ungeandika hilo nalo," akasema, akaingia ndani.

Katikati ya wiki alifutwa kazi. Alipata kibarua cha kupakia magunia kwenye viwanda vya Industrial Area, na kabla ya mwisho wa mwezi wakahamia chumba kimoja ghorofani mtaa wa Pipeline. Niliwasaidia kubeba kitanda, na mkewe hakunisemesha njia nzima. Walioiba magurudumu hawakujulikana. Wapo majirani ambao hadi leo hunyamaza nikiingia dukani, na siwezi kuapa kwamba wanakosea kuwa waangalifu.

Siku hizi stika hutolewa kwa nyumba, si kwa gari, na hakuna anayeulizwa logbuku. Anayezitoa ni mama wa duka. Mimi nimeachishwa kazi ya kamati.