Mama Mwenye Masharubu

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mtoto wa watu.

Mtoto mwenyewe ni Poonam, binti wa jirani ya Mzee Kanti kule Stanmore, huku kwa Waingereza. Mimi ni Mwende, Mkamba wa Edmonton, na kila asubuhi napanda mabasi kwenda kumtunza huyo mzee: kumwogesha, kumpikia uji, kumsugua miguu. Mzee ni Mhindi wa Kisumu, miaka tisini na moja. Ukimsugua miguu, hadithi zinamtoka zenyewe, na zinatoka kwa Kiswahili.

Poonam anauza dawa dukani, lakini roho yake yote iko kwenye uandishi wa habari. Chuo kilishamkubali mara mbili, na mara mbili akaiacha nafasi kwa kukosa karo. Safari hii alipata kuomba skolashipu ya vijana wenye asili ya India, Pakistan na nchi za huko, wanaosomea uandishi. Sharti lao: leta habari ya kweli ya mtu wa jamii yako. Akaniambia, kwa Kiingereza, maana Kiswahili hajui, "Anti, nikikosa hii, naachana na haya mambo." Na alikuwa haongezi chumvi.

Basi akaiacha simu yake mezani inarekodi, akaenda kazini. Mzee akaongea. Jioni nikakaa nikamtafsiria Poonam kurasa nne, bure, na nikajisifu moyoni: hata sisi tumo kwenye magazeti! Habari ilikuwa tamu. Mzee alilelewa na mama, na huyo mama alikuwa na duka, na kila gazeti lilipofika alikaa barazani akawasomea watu wasiojua kusoma. Mwanamke wa Kihindi, miaka hiyo, anasomea mji mzima gazeti! Poonam akaandika. Waamuzi wakampigia kumsifu huyo mama, wakamwita kwenye mahojiano Ijumaa saa nane mchana. Watu watano tu ndio walioitwa.

Ijumaa asubuhi nikamwomba Mzee picha ya mama yake, Poonam aende nayo. Akafungua albamu, akanionyesha.

"Huyu hapa mama."

Nikatazama. Masharubu hadi mashavuni.

"Mzee, huyu ni mwanamume."

"Sasa mama atakuwa mwanamke?" Akaniona mjinga kabisa. "Mama, ndugu ya ba. Ba alikufa mimi mdogo. Mama akanichukua."

Ngai wangu! Kumbe kwa lugha yao mama ni mjomba, na mama mzazi ndiye ba. Na Kiswahili chetu kikanimaliza: alikaa, alisoma, alilia, hakikuambii ni mume au mke. Mimi ndiye niliyeandika "she" ukurasa wa kwanza mpaka wa nne, bila kumuuliza mtu.

Nilikaa kwenye kiti cha choo cha mzee. Nimwambie Poonam? Nikimwambia, nimemuua. Nikinyamaza, nani atajua? Mzee haendi popote. Saa tano nikampigia, nikamweleza yote.

Akasema, "Anti, neno hilo mimi nalijua. Nina mama watatu. Ningesikiliza ile sauti dakika moja tu, ningejua."

"Waambie ni mimi! Taja jina langu, sema ni yule mama wa Kikamba!"

Akasema anakwenda kuvaa.

Nikamwomba Ann, mwenzangu wa kazini, anishikie zamu, nikaenda na Poonam. Njia nzima alikuwa anaguguna ukucha. Nikamwambia aache, akaanza mwingine. Alipoingia kwenye chumba cha mahojiano, mimi nikabaki nje nikisali na kumgombeza Mungu kwa pamoja. Dakika arubaini.

Akatoka macho mekundu.

"Umewaambia?"

"Kabla sijakaa."

"Wakasemaje?"

"Wakauliza nani aliyekosea. Nikasema mimi."

"Wewe Poonam una wazimu! Mbona hukunitaja?"

"Wewe ulinisaidia, Anti. Jina lililo juu ya habari ni langu." Akafunga zipu ya koti. "Jibu ni leo, kabla ya saa kumi na moja."

Nilitaka nimpige na nimkumbatie. Nikamkumbatia.

Tulikuwa kwenye treni ya kurudi Stanmore, tumeshatoka kwenye njia ya chini ya ardhi, simu yake ilipolia. Imeli. Akaitazama kama sufuria ya moto, akanisukumia.

"Nisomee. Mimi siwezi."

Nikasoma kimyakimya kwanza. Walimshukuru. Walisema ukweli wake umewagusa. Walisema habari yenyewe, pamoja na hayo, haikuwa kweli ilipoletwa kwao, na nafasi wamempa mwingine.

"Wanasemaje, Anti?"

Ningeweza kuanza na ile ya kuguswa. Ningeweza kulainisha huku, kuruka kule, kama tunavyowafanyia wagonjwa. Alikuwa ananitazama mdomo.

Nikamsomea neno kwa neno, kama lilivyoandikwa, mpaka mwisho.