Kikwembe ndani ya tundu la chaudière

Leo fundi ametutoa inje mbio, mimi na mutoto, bila viatu!

Bon, chaudière yetu, ile mashine ya mafuta ya kupasha nyumba joto, imezeeka. Tangu jana ilikuwa inazimika-zimika. Kichwa kiliniuma, mutoto analala tu, hata ziwa hataki. Nikasema ni mafua.

Fundi tuliyemuita alifungua mlango wa cave, chumba cha chini chenye chaudière, akarudi nyuma. "Madame, toka na mutoto! Sasa hivi!"

Tukasimama kwenye trottoir, kando ya barabara ya mtaa wetu hapa Jette, baridi inachoma. Namupapasa mashavu: "Chéri, amuka. Amuka, mutoto wangu."

Akafungua macho, akalia. Wandugu, sijawahi kupenda kilio namna ile!

Fundi akatoka na kikwembe, masizi matupu. "Nani aliziba tundu la hewa? Moto ukikosa hewa, sumu inarudi ndani ya nyumba."

Mama mkwe wangu, mugeni wetu kutoka Lubumbashi, aliyetufuata inje, akashika kichwa. "Ni mie. Upepo ulikuwa unapita pale. Nilitaka mujukuu asisikie baridi."

Nilitaka kukasirika. Lakini alikuwa anatetemeka, koti lake amemufunika mutoto.

Daktari amesema tuko sawa. Sasa Maman amekaa mbele ya lile tundu kama askari, hata mimi ananifukuza.

Wamama, mukaangalie tundu zenu, muniambie mumekuta nini.