Namba ya Neema Ilizimwa Kabla Haijajibu

Kidole kinakataa kuandika "marehemu" mbele ya jina la Neema. Juzi tu tulikuwa soko la Zhongda tunavutana bei na laoban, yule mwenye duka la vitambaa. Presha imemchukua kabla ya chai ya asubuhi. Jamani!

Kwa msiomjua: Neema wa Morogoro alifundisha hesabu sekondari kabla ya kuja Guangzhou kununua vitambaa. Xiaobei nzima, mtaa wetu Waafrika hapa, tulimwita Mwalimu.

Siku moja dukani kwa laoban alinipa majora kumi na matatu ya kitambaa. "Yapange safu zilizo sawa." Nikapanga mawili mawili, matatu matatu, manne manne. Kila mara linabaki moja. "Hiyo ndiyo namba tasa, mdogo wangu. Haigawanyiki." Laoban akatufokea turudishe mali yake.

Lakini namba aliyoipenda hasa ilikuwa kubwa kuliko akili zetu. Chukua mbili, izidishe kwa mbili, na tena, mamilioni ya mara, halafu toa moja. Nyingi za aina hiyo zinagawanyika. Zisizogawanyika ni chache mno, na watu wa dunia nzima wanazitafuta mtandaoni, kila mtu anapewa yake ya kupima. Kompyuta ya Neema ilikuwa inapima ya kwake chumbani, wiki baada ya wiki.

Nikamtania, "Inauzwa bei gani, Mwalimu?"

"Wewe nenda kauze madera. Ikikubali, mtaliona jina langu dunia nzima."

Kipimo chenyewe kina roho mbaya. Mashine inapiga hatua chungu nzima na hakuna inayokuambia kitu. Ni ile ya mwisho tu: ikibaki sifuri, ni tasa. Ikibaki kingine chochote, umeme umeliwa bure.

Wiki aliyofariki alikuwa anakaribia hatua hiyo. Aliweka hadi status: "Wiki hii, Mungu akipenda."

Sasa nisikilizeni, nyie mnaoandika "RIP genius wetu" chini ya picha yake. Kesho yake baada ya kifo, kontena letu lilikuwa linafungwa, na mwenye nyumba wa Neema anataka chumba. Nilikuja mbio kutoka barabara ya Huanshi Zhonglu nikakuta kompyuta imeshachomolewa. Imeshafomatiwa, hesabu zote zimefutika, eti iuzike vizuri Dar. Wenzetu wameishindilia ndani ya kontena katikati ya majora kuziba nafasi.

"Si namba tu hiyo, dada?" mwenyekiti wa umoja wetu wa wafanyabiashara akaniambia. "Loading haisubiri mtu."

Kweli haikusubiri. Mzigo wa Neema uko baharini. Neema mwenyewe bado yuko mochwari hapa hapa, karatasi zake hazijakamilika. Nina hasira na siombi radhi.

Ile namba atapewa mtu mwingine, aanze upya. Ikikubali, litaandikwa jina lake.

Mwalimu, sijui kama ilikuwa tasa. Ulistahili kujua wewe kwanza, hata kama jibu lingekuwa hapana.

Lala pema, dada yangu. Utakapofika nyumbani, utakuta vitambaa vyako vimeshauzwa.