Vumbi Jekundu Kwenye Redio ya Shule

Vumbi jekundu lilifikaje kwenye redio, katika shule iliyojengwa juu ya udongo mweusi? Nilijiuliza swali hilo nikiwa darasa la saba, na jibu sikulipata kwa miaka mingi.

Juzi lilinirudia hapa Homa Bay. Tulikuwa tumehamisha ofisi kutoka Migori, na kompyuta yangu kuukuu, ile ambayo wenzangu huicheka, ilifika ikiwa bubu. Skrini inawaka, sauti hakuna. Nikaita fundi, msichana wa rika la binti yangu. Kabla hajashika bisibisi akauliza, "Madam, hii mashine imesafiri?"

Nikamwambia imekuja nyuma ya pikapu. Akacheka. Alifungua ubavu wa mashine, akachomoa kadi ya sauti, akaisugua meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, kisha akaikandamiza mahali pake mpaka ikakaa sawasawa. Sauti ikarudi. "Haikuwa imeharibika," akasema. "Imetikiswa tu, ikachomoka kidogo."

Badala ya kushukuru, nilipandwa na hasira. Si hasira juu ya fundi yule. Ni ya zamani.

Shule yetu ilikuwa upande wa Uriri, miaka michache baada ya uhuru. Mvua ikinyesha, ule udongo mweusi ulinata miguuni hadi ukadhani umevaa viatu vya mtu mwingine. Redio ilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu: sanduku la mbao, betri nzito kama tofali, na juu yake kitambaa kilichofumwa na mke wake. Saa nne mwalimu mwenyewe aliileta darasani, na sauti kutoka Nairobi ikatufundisha Kiingereza. Kazi ya wasichana ilikuwa kuifuta vumbi. Kuwasha na kuzima ni mwalimu na wavulana. Niliuliza kwa nini, nikaambiwa nina mdomo.

Wiki ile zamu ilikuwa yangu. Ijumaa niliifuta ikang'aa, mwalimu akafunga mlango, ufunguo akautia mfukoni. Jumamosi nyanya yangu, niliyemwita Dani na ndiye aliyenilea, alikwenda harusini Ogwedhi. Mimi niliachwa kulinda kuku, kusaga mtama kwenye jiwe, na kuilaza mboga ya osuga kwenye maziwa ili uchungu wake upungue. Alirudi Jumapili miguu imemvimba, ana kipande cha nyama ndani ya jani la mgomba, na anaimba. Tulikula, kisha nikafua gauni lake.

Jumatatu nilikuta kitambaa cha redio kimejaa vumbi jekundu. Nilikikung'uta, nikafuta na zile nafasi za nyuma, nikashangaa. Saa nne mwalimu akazungusha kitufe. Kimya. Akazungusha tena.

"Nani wa mwisho kuigusa?"

Vidole vyote vikanielekea.

Jumatano alikuja fundi kutoka Homa Bay. Tulijazana dirishani kumtazama. Ndani ya lile sanduku mlikuwa na taa ndogo za kioo zenye miguu ya chuma. Alichomoa moja, akaikwangua miguu kwa wembe, akairudisha, akasikiliza. Akachomoa nyingine. Hakuwa na haraka, na hakumlaumu mtu. Ya tatu ilipokaa, sauti ya mtangazaji ikajaa ofisi.

"Mwalimu," akasema, "hii imetikiswa vibaya. Ilipanda baiskeli, ama ilipanda punda?"

Tulicheka. Mwalimu hakucheka.

"Huyu msichana aliidondosha."

"Sikuidondosha, mwalimu. Na lile vumbi jekundu je?"

"Vumbi gani? Siku hizi umekuwa polisi?"

Sasa darasa likanicheka mimi. Fundi alinitazama, akamtazama mwalimu, akafunga mfuko wake wa vyombo.

Niliadhibiwa kukaa nje kila somo la redio mpaka muhula uishe. Niliitwa Mvunja Redio. Nilijifunza Kiingereza chini ya dirisha, mgongo ukutani, nikirudia maneno huku kuku wa mwalimu wakinidonoa vidole. Nami nilitaka sana kwenda shule ya bweni ya wasichana kule Asumbi, na hakuna aliyeomba nafasi huko bila barua ya mwalimu mkuu. Yeye alisema mharibifu wa mali hapati barua.

Nilimweleza nyanya kila kitu, pamoja na vumbi. Aliendelea kupepeta mtama. Kisha akasema, "Nyakwara, mjukuu wangu, mwalimu hakosei. Kinachokosea ni chaki. Nenda ukaombe msamaha."

Nilikwenda. Nilipiga magoti kwenye ule udongo mweusi nikaomba msamaha kwa kosa ambalo sikulifanya. Barua iliandikwa siku hiyohiyo, kwa mwandiko mzuri sana. Nilisoma Asumbi, nikasoma chuo kikuu, na popote nilipofika nilikuwa yule msumbufu anayeuliza kila kitu kimetoka wapi.

Leo ile ofisi ya mwalimu mkuu ni shamba la miwa. Somo la saa nne halipo, mawe ya kusagia yamegeuzwa vizuizi vya milango, na mwalimu tulimzika kwa hotuba ndefu za sifa. Watu huniambia tulilelewa vizuri enzi zile. Nawauliza: vizuri kwa nani?

Mwaka mmoja kabla ya kufariki, nyanya alikuwa akiwasimulia wanangu habari za harusi za zamani. "Ogwedhi ndiyo ilikuwa harusi!" akasema. "Mwalimu mkuu alituletea redio ya shule. Aliifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba ya katani, akaja nayo barabara yote ile ya murram, vumbi jekundu tupu. Tulifika wekundu kama matofali! Nilicheza mpaka miguu ikavimba."

Nikaweka kikombe chini. "Dani, kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanituma nikapige magoti?"

Alinitazama bila aibu yoyote. "Nyakwara, ulitaka haki, ama ulitaka Asumbi?"