Nyuzi za Buluu Kwenye Mahindi ya Mama Njeri

Naungama: nilimkataza Mama Njeri, mkulima wa Ngoliba, kupikia watoto mahindi yake. Kwenye maabara yetu Juja niliyatia rangi inayofanya kuvu ing'ae, na chini ya hadubini nyuzi za buluu zikawaka kama vimulimuli; nikaamua ni kuvu. Leo nikapima mahindi safi ya dukani. Nayo yakawaka! Nikachanganyikiwa kabisa.

"Kioo cha kuwekea sampuli unakipangusa kwa kitu gani?" akauliza Daktari, msimamizi wangu.

"Kitambaa changu cha mfukoni."

Akakichukua, akakipangusia kioo kitupu, akatia rangi, akatazama kwa hadubini. Nyuzi zilezile.

"Rangi hii hung'arisha pamba pia," akasema. "Hizi ni nyuzi za kitambaa chako."

Mama Njeri, aliyekuja kuuliza tena kuhusu mahindi yake, akachungulia.

"Ngai! Watoto wangu wamelala njaa kwa sababu ya kitambaa chako cha kamasi?"